Bukari ya watu wawili: namna ya kuandaa mlo wa jioni unaowasogeza mume na mke

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi baba hutengewa sahani yake mezani, mama hula uani pamoja na watoto, na kila mmoja hujua kwamba mwenzake ameshiba bila kumwona akila. Hakuna anayeilaumu desturi hiyo, lakini kidogo kidogo huwatenganisha wenye nyumba. Nimekaa katika ndoa miaka 14, na naamini kwa dhati kwamba kabla ya kutafuta chakula cha kuamsha hamu, mume na mke wanapaswa kwanza kurudi kwenye sahani moja. Maelekezo yafuatayo yanahusu jioni moja ya kurudi huko.

Chagueni siku ambayo hamna haraka ya kuamka kesho yake. Kwa kuwa nyumba zetu zimejaa watoto, wapwa na wageni, msijaribu kula kwa kificho: chakula cha kificho huzaa manung'uniko, na mtu anayekula huku akisikilizia mlango hawezi kutulia. Wapikieni wote bukari, yaani ugali, na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, wale mapema, kisha ninyi wawili mle baadaye, mnamo saa 2 usiku. Sombe ipikwe jana yake, maana majani ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, na hayafai kuharakishwa kwa sababu mtu ana hamu ya kwenda kuoga.

Kuhusu kitoweo chenu, ushauri wangu ni kuchagua kitu ambacho hakiliwi kila siku na ambacho hakilemei tumbo, kwa sababu mlo mzito huleta usingizi kabla ya mazungumzo. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, hakuna kinachoshinda uyoga, ambao wengi wetu huuita bowa. Ule mkubwa unaoota penye kichuguu, ambao kofia yake huweza kukaribia upana wa mita 1, unatosha watu wawili hata ukiwa wa wastani. Nunueni kwa mama muuzaji mnayemfahamu na ambaye mmezoea kula uyoga wake, wala msile aina ambayo ninyi na yeye hamuijui. Wakati wa kiangazi tafuteni samaki mbichi aliyetoka Kasenga, kwenye mto Luapula. Kabla ya yote, muulize mwenzako kama kuna chakula ambacho ukoo wake au kanisa lake linakizuia, au ambacho mwili wake hukikataa. Wapo watu walioishi pamoja miaka mingi bila kuuliza.

Sasa pikeni pamoja, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Mume awashe mbabula, lile jiko la mkaa, na kupepea makala, yaani mkaa wenyewe, hadi yaive, kisha asiende kukaa barazani kusubiri kuitwa. Avute kigoda, auchane uyoga kwa mikono kufuata nyuzi zake, auoshe mara mbili au tatu hadi mchanga uishe. Mke akaange kitunguu na nyanya katika mafuta kidogo, atie uyoga, auache utoe maji yake na kuyanywa tena, ndipo aongeze karanga zilizotwangwa na maji ya vuguvugu. Moto upunguzwe, mchuzi uchemke polepole kwa dakika 20 hivi huku ukikorogwa ili karanga zisishike chini. Katika dakika hizo, onjeshaneni kwenye kijiko kimoja, naye mwenye kuonja aseme ukweli kuhusu chumvi. Mambo mengi ambayo hayasemeki ana kwa ana husemeka kwa urahisi watu wawili wakiwa wanatazama sufuria.

Atakayekata pilipili asikimbilie maji peke yake baada ya kazi, kwa kuwa ukali wake huyeyuka katika mafuta: ajipake mafuta ya kupikia mikononi, kisha anawe kwa sabuni vizuri. Usiku huo mikono hiyo itagusa uso na mwili wa mtu mwingine.

Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu ni wa baridi, na wengi hushawishika kuingiza mbabula chumbani. Nawasihi msifanye hivyo. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Mbabula ibaki nje, ninyi mjifunike blanketi moja.

Pakueni katika sahani moja, bukari moja, bakuli moja la mchuzi. Naweni mikono kwa zamu, mmoja akimmiminia mwenzake maji, na simu zibaki chumba kingine. Tonge la kwanza kila mmoja amlishe mwenziwe. Jioni hiyo mwite kwa jina lake mwenyewe, si Baba fulani wala Mama fulani, kwa sababu majina ya watoto tunayoitana hutufanya tusahau aliyekuwapo kabla yao. Ada ya shule na kodi ya nyumba ziongelewe kesho.

Kwa kinywaji, munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, wa siku ya kwanza unatosha, ungali mtamu. Bia moja si kosa. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ni kosa, kwa sababu pombe nyingi huongeza maneno na kudhoofisha mwili.

Kuhusu mizizi na unga unaosifiwa sokoni kwa ajili ya nguvu za kiume, sinunui na siwashauri mnunue. Tangawizi hupasha mwili joto, karanga hushibisha, na hilo linatosha. Baadhi ya unga wa aina hiyo huchanganywa na dawa za hospitali bila mnunuzi kuambiwa, na mtu anayetumia dawa za moyo anaweza kushukiwa na presha ghafla. Mume ambaye mwili wake umekataa kwa miezi kadhaa aende kwa daktari apimwe sukari na presha, naye mkewe amsindikize bila kumwaibisha.

Mkishamaliza kula, vyombo vilowekwe tu. Zungumzeni hadi chakula kishuke, na kama mmoja amechoka, kulala mkiwa mmekumbatiana kunatosha kwa siku hiyo, wala mwenzake asimdai malipo ya mlo. Munkoyo uliobaki ufunikeni. Asubuhi utakuwa umeanza kuchachuka, na wengine huupenda hivyo. Jumamosi ijayo mume ndiye achague kitoweo na kwenda kukinunua mwenyewe.