Unauza kofia mtandaoni? Anika bei na kipimo

Wenzangu wa Mombasa mnaouza kofia za vito, zile zenye vitundu vilivyoshonwa kwa uzi, kwa WhatsApp na Instagram, hili la "bei njoo inboksi" liacheni. Mteja wa Nairobi au Muscat akiliona anapita zake, anaenda kwa mwengine. Andika bei, andika na kipimo, papo hapo chini ya picha.

Kipimo kibaya ndicho hurudisha mzigo. Mwambie mteja azungushe utepe wa fundi kichwani, juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso, akutajie namba na kama ni inchi au sentimita. Inchi 22 ni kama sentimita 56. Hana utepe? Atumie uzi, kisha aulaze kwenye rula. Kofia ikishashonwa ndogo ndiyo basi tena.

Picha piga asubuhi, kivulini barazani. Jua la saa saba linaufanya weupe wote uwake, hata vile vitundu vilivyomla fundi macho havionekani. Moja ya kofia nzima, moja ya karibu kabisa uzi uonekane, na moja ya ndani. Ndani ndiko mnunuzi mjuzi anakotazama kama ni kazi ya mkono au ya cherehani, nawe ukipaficha atashuku.

Gharama ya kutuma kifurushi iandike kando na bei. Na kianzio kipokee kabla fundi hajatia sindano, hata kama mteja ni shemeji yako.