Kijana Anayeogopa Kubatizwa: Namna ya Kupima Utayari na Kuishughulikia Hofu

Kijana anaposema kwamba anaogopa kubatizwa, mara nyingi hofu yake si moja bali ni mbili au tatu zilizoshikamana, na ndiyo maana jibu la haraka kama "omba tu, itaondoka" halimfikishi mbali. Hofu ya kuanguka dhambini baada ya ubatizo si sawa na hofu ya maji, wala hofu ya kusimama mbele ya mkutano si sawa na wasiwasi wa yule asiyejua kama anaamini mwenyewe au anafuata tu mwenendo wa nyumbani kwao. Kwa hiyo, kabla ya kuandikisha jina katika darasa la ubatizo, au kabla ya kuliondoa, chukua karatasi uandike "Ninaogopa kwamba" kisha uimalizie sentensi hiyo, na urudie mpaka uishiwe na la kuandika. Ukisoma ulichoandika utaona kwamba baadhi ya sentensi zinamhusu Mungu, nyingine zinawahusu watu, na nyingine zinauhusu mwili wako tu. Kila aina ina mtu wake wa kuulizwa, na ni vyema zisichanganywe.

Maelezo haya yanamlenga hasa kijana aliye katika kanisa linalombatiza mtu anayeweza kuikiri imani yake kwa kinywa chake, kama ilivyo kwa Wabaptisti, Wapentekoste na Waadventista wa Sabato. Kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, walio wengi hubatizwa wangali wachanga, na maswali haya humjia kijana wakati wa kujiandaa kwa kipaimara. Hata huko, hata hivyo, ambaye hakubatizwa utotoni huulizwa mwenyewe: sheria ya Kanisa Katoliki humhesabu aliyetimiza miaka 7 kuwa ana uwezo wa kutumia akili, na kuanzia hapo humbatiza kwa masharti ya watu wazima, yaani baada ya kuomba na kufundishwa. Nalitaja hili kwa sababu wapo wazazi wanaodhani kwamba mtoto wao wa miaka 14 hana cha kuamua katika jambo hili.

Utayari unaotakiwa

Ukisoma Matendo ya Mitume unaweza kudhani kwamba utayari ni jambo la dakika chache. Siku ya Pentekoste walibatizwa watu wapatao 3,000. Mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa usiku uleule aliohubiriwa. Towashi Mwethiopia aliyaona maji kando ya njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, akauliza ni nini kinachomzuia. Lakini towashi huyo alikuwa anatoka kuabudu Yerusalemu, na Filipo alimkuta akisoma kitabu cha nabii Isaya na tayari ana swali juu ya alichokisoma. Haraka yake ilikuwa na mizizi. Baadaye kanisa la kale liliona haja ya kuwafundisha watu kwa muda mrefu zaidi, na maagizo ya zamani yanayohusishwa na Hipolito wa Roma yanataja miaka 3 ya mafundisho, ila yanaongeza kwamba mtu akiwa na bidii asipimwe kwa muda bali kwa mwenendo wake. Sidhani kama kuna kipimo kizuri kuliko hicho, nacho kinamfaa kijana pia.

Ili ujipime kwa namna hiyo, anza na ufahamu. Jaribu kumweleza mwanafunzi mwenzako asiye wa dini yako Yesu ni nani kwako na kwa nini unataka kubatizwa, bila kutumia maneno yanayoeleweka kanisani peke yake. Ukikwama baada ya kusema "kwa sababu nimeokoka," hujashindwa, ila umegundua mahali ambapo mafundisho yako bado hayajafika, na hapo ndipo pa kumwomba mwalimu wako aparudie. Kisha jiulize swali gumu zaidi: kama familia yako ingehamia mahali ambapo hakuna anayekujua wala anayeuliza kama umekwenda ibadani, je, ni kitu gani katika maombi yako na usomaji wako wa Biblia kingebaki baada ya mwezi mmoja? Lijibu swali hili ukiwa peke yako, maana mbele ya watu kila mtu hutoa jibu zuri.

Halafu tafuta jambo moja, hata dogo, ulilokwisha kulibadilisha kwa sababu ya imani kabla ya mtu yeyote kukuagiza. Huenda ulirudisha pesa uliyozidishiwa dukani, uliacha kunakili majibu ya mwenzako katika mtihani, ulimwomba radhi mdogo wako uliyemwonea, au ulifuta picha fulani katika simu yako na hukuzitafuta tena. Hakuna anayedai orodha ndefu. Lakini ikiwa huoni hata jambo moja, basi huenda imani yako bado ni habari unazozijua tu, na kungoja kidogo hakutakuwa hasara. Kuhusu machozi wakati wa kusifu, wingi wa mistari uliyoikariri, au ukweli kwamba rafiki zako wote wamekwisha kubatizwa, hayo usiyahesabu kwa upande wowote. Yupo mtu anayelia kila Jumapili naye hajui anacholilia.

Hofu ya kuanguka baada ya kubatizwa

Hii ndiyo hofu nzito kuliko zote, na ni ya kale sana. Karibu na mwaka 200 Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, alishauri kwamba watoto, na hata watu ambao hawajaoa, wacheleweshe ubatizo kwa sababu ya uzito wake. Kaisari Konstantino aliuahirisha mpaka mwaka 337, akabatizwa akiwa karibu kufa. Agostino alipougua vibaya utotoni ilikaribia abatizwe, lakini alipopata nafuu shughuli ikaahirishwa kwa kuhofia kwamba angejichafua tena. Hatimaye alibatizwa huko Milano mwaka 387 akiwa na umri wa miaka 32. Alipokuwa askofu aliulalamikia uamuzi huo wa kuahirisha, akishangaa watu wanaosema juu ya kijana, "Mwacheni afanye apendavyo, kwani hajabatizwa bado," ilhali hakuna anayesema juu ya mgonjwa, "Mwacheni ajiumize zaidi, kwani hajapona bado."

Hoja yake inastahili kutafakariwa. Kuahirisha ubatizo hakuligeuzi kosa kuwa si kosa. Kijana anayesema uongo akiwa hajabatizwa amesema uongo. Pia, ahadi kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu ni mwaminifu kutusamehe, iliyo katika 1 Yohana 1:9, iliandikiwa watu ambao tayari walikuwa waamini, na Petro aliyemkana Bwana wake mara tatu hakuwa mgeni bali mtume. Vifungu vinavyowatisha vijana wengi, hasa Waebrania 6:4-6 kuhusu walioanguka baada ya kuonja kipawa cha mbinguni, havifasiriwi kwa namna moja katika makanisa yote; kwa hiyo usivibebe peke yako usiku kitandani, bali mpelekee mwalimu wako umwombe akueleze. Kwa maoni yangu, kifungu hicho kinamzungumzia anayeigeuzia imani kisogo kwa kudhamiria, si kijana aliyemjibu mama yake vibaya juzi na sasa anajuta.

Hata hivyo, kuna tofauti ambayo ni lazima uitazame bila kujionea huruma. Mtu anayepambana na tabia fulani, anayeanguka na kuinuka na ambaye amemwambia mtu mzima mmoja anayemwamini, anaweza kabisa kubatizwa. Mtu aliyeificha tabia hiyo na kukusudia kuendelea nayo baada ya ubatizo, huku akitumaini kwamba maji yataitunza siri yake, hajawa tayari, na hofu anayoisikia inamwambia kweli. Wewe mwenyewe unajua uko upande upi.

Yesu alisema kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, na hesabu hiyo inahusu pia taratibu za kanisa lako. Uliza kabla, si baada: mtu aliyebatizwa akikosea hutendewa nini? Katika makanisa mengi huonywa, au huzuiwa kwa muda kushiriki Meza ya Bwana. Katika jumuiya nyingine anaweza kutengwa kiasi cha kubadilisha uhusiano wake na ndugu zake. Kijana ana haki ya kujua jambo hilo kabla ya kuahidi, na kiongozi mwema hatachukizwa na swali lako.

Mashaka, na sauti za watu

Wapo wanaofikiri kwamba swali moja lisilo na jibu linatosha kuwazuia. Soma mwisho wa Injili ya Mathayo kwa makini: aya ya 17 ya sura ya 28 inasema kwamba baadhi ya wanafunzi waliona shaka hata walipokuwa mbele ya Yesu aliyefufuka, na aya mbili baadaye wanafunzi haohao wanatumwa kuwabatiza mataifa. Yule baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9:24 aliomba asaidiwe kutokuamini kwake katika pumzi ileile aliyosema kwamba anaamini. Shaka inayouliza na kutafuta haikuzuii. Inayokuzuia ni kutokukubali kiini chenyewe cha yale utakayoulizwa, kwa maana siku hiyo utatamka kwa sauti kwamba unaamini, na hupaswi kutamka usichokiamini ili kumfurahisha mtu yeyote.

Na wa kufurahishwa huwa wengi. Mama amekwisha kuwaalika shangazi na wajomba, mwalimu wa vijana anahesabu majina, na wenzako wa kwaya wote wameandikishwa. Ukijiona unakwenda kwa sababu hiyo tu, sema mapema, kwa heshima, na utaje sababu pamoja na muda, kwani kusema "sijisikii" peke yake kutasikika kama ukaidi. Kwa mfano: "Mama, nashukuru kwa jinsi mlivyonilea katika imani. Nataka kubatizwa, lakini bado sielewi jambo hili na hili, na sipendi kuahidi nisichokielewa. Naomba nisubiri darasa lijalo, na katikati hapa nitakuwa naonana na mchungaji." Mzazi anaweza kusikitika, lakini atakuwa ameona kwamba unalichukulia jambo kwa uzito.

Kinyume chake pia hutokea, wewe ukitaka na wazazi wakikataa, pengine kwa sababu wao ni wa dini nyingine. Ukiwa chini ya umri wa utu uzima, viongozi wengi watataka ridhaa yao. Usibatizwe kwa siri. Endelea na mafundisho ikiwa wameyaruhusu, na mwombe mchungaji aje kuzungumza nao badala ya wewe kubishana nao kila jioni.

Mazungumzo na mchungaji

Usingoje akuite. Mwombe nafasi baada ya ibada, kisha anza na lile lililo zito zaidi kwenye karatasi yako: "Mchungaji, naomba kubatizwa, ila kuna jambo linanitisha, nami naona haya kulisema." Kama ni jambo la kimwili au la aibu, unaweza kuchagua kuzungumza na mama mchungaji, mzee wa kanisa au mwalimu wa jinsia yako. Akikuuliza maswali usijibu kwa majibu ya kukariri, kwa maana hayo amekwisha kuyasikia mara nyingi.

Maji yenyewe

Wanaoogopa maji huona haya kusema, kana kwamba ni upungufu wa imani, nao wanateseka bure. Omba kuonyeshwa birika la ubatizo, au mahali pa mto patakapotumika, siku kadhaa kabla, uingie na usimame humo mpaka mwili uzoee. Katika ubatizo wa kuzamishwa, maji kwa kawaida hufika kiunoni au kifuani. Utaikunja mikono yako kifuani. Mchungaji ataweka mkono mmoja nyuma ya mabega yako na kwa mwingine ataishika mikono yako, mara nyingi akiwa na kitambaa cha kukufunika pua. Maneno yakikaribia kwisha, vuta pumzi, funga mdomo, legeza shingo, kunja magoti kidogo na umwachie uzito wako akulaze chali. Anayekaza magoti na kujaribu kuinua kichwa ndiye anayesumbuka, kwa sababu miguu huteleza naye hushtuka. Uso hukaa chini ya maji kwa muda mfupi sana, kisha unainuliwa. Mwombe mfanye zoezi hilo mkiwa pakavu kwanza.

Vaa nguo nzito kidogo yenye rangi ya giza, au fulana na kaptura chini ya joho, kwa kuwa kitambaa cheupe chepesi kikilowa huonyesha mwili. Beba taulo, nguo za kubadilisha, na nguo za ndani, ambazo ndizo husahaulika. Msichana anayehofia kwamba siku hiyo itaangukia katika hedhi amwambie mapema mama au mwalimu wa kike, ili wampangie tarehe nyingine au wamsaidie kujiandaa. Ni jambo la kawaida. Mwenye pumu au kifafa amweleze mchungaji bila kuficha. Ikiwa kuna sababu ya afya inayokataza kuzamishwa, uliza kanisa lako linaruhusu nini: Didake, mojawapo ya maagizo ya kale kabisa ya Wakristo, inapendelea maji yanayotiririka, lakini yakikosekana ya kutosha inaruhusu kumimina maji kichwani mara 3.

Kama kinachokutisha ni kipaza sauti, andika ushuhuda wa sentensi nne au tano uusome, au omba ujibu tu maswali ya kukiri imani. Ukiri wako hauongezeki thamani kwa urefu wa hotuba.

Ukiamua kungoja

Kungoja kusikokuwa na mpango hugeuka kuwa miaka. Andikeni pamoja na mwalimu wako mambo mawili au matatu yanayokuzuia, kwa mfano fundisho usilolielewa, uhusiano unaohitaji kurekebishwa, au hofu ya nidhamu ya kanisa, na mkubaliane mwezi wa kuyatazama tena. Ukifika mwezi huo mambo hayo yakiwa yameshughulikiwa, na hofu iliyobaki ni ile tu ya kusimama mbele za watu au ya kutokujua utakuwa Mkristo wa namna gani ukiwa na miaka 30, andikisha jina lako.