Somo: Namna ya kusoma mfumo wa elimu wa nchi yoyote ya Ulaya bila kupotea

Mwanangu alipotimiza miaka sita hapa Uholanzi, mwalimu wake aliniambia anaingia groep 3. Jioni ile ile nikampigia bibi yake Tanga: "Mama, mjukuu wako yuko la tatu." Bibi akapiga kigelegele, na hadi saa ya isha mtaa mzima ulikuwa na habari. Miaka sita, darasa la tatu!

Kumbe Waholanzi wanahesabu madarasa tangu mtoto ana miaka minne. Groep 1 na 2 ni kucheza, kuimba na kukata karatasi. Groep 3 ndipo wanapoanza kufundishwa kusoma na kuandika. Yaani la kwanza.

Tangu hapo wazazi wenzangu wananiuliza maswali ambayo mengi yanaanza na "Ulaya": Ulaya mtoto anaanza shule na miaka mingapi? Ulaya ada ni kiasi gani? Swali la namna hiyo halina jibu. Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya wenyewe, kifungu cha 165, unaacha mitaala na mpangilio wa shule mikononi mwa kila nchi. Pesa wanayotumia wengi wao ni moja, lakini shule kila mtu na yake. Kwa hiyo usisome "Ulaya", soma nchi. Na pa kuisomea papo.

Hatua ya 1: Fungua Eurydice

Eurydice ni mtandao ulioanzishwa mwaka 1980 ili nchi za Ulaya zipashane habari za mifumo yao ya elimu. Leo una nchi 37: zile 27 za Umoja wa Ulaya, na nyingine kama Norway, Uswisi, Serbia na Uturuki. Kila nchi ina ofisi yake, mara nyingi ndani ya wizara ya elimu, na ofisi hiyo ndiyo inayoandika habari za kwao. Ofisi ya Umoja wa Ulaya kule Brussels kazi yake ni kuratibu, ili wote waandike kwa mpangilio mmoja. Kusoma ni bure, kwa Kiingereza.

Uzuri wake uko kwenye huo mpangilio. Kila nchi ina sura 14 zilezile, kwa namba zilezile. Ukishajua sura ya 5 ya Ufaransa ni shule ya msingi, basi sura ya 5 ya Hispania nayo ni shule ya msingi. Hutafuti upya.

Hatua ya 2: Anza na umri, jina la darasa liache kwanza

Kila nchi ina mchoro wake wa mfumo mzima, ukurasa mmoja tu. Juu kuna mstari wa umri, chini yake pau zinazoonyesha shule, na majina ya shule yameandikwa kwa lugha ya nchi yenyewe. Weka kidole kwenye umri wa mwanao kisha teremka. Pau unayoigusa ndiyo shule yake.

Majina yatakudanganya, nakuambia ukweli. Gymnasium ya Ujerumani inampokea mtoto wa miaka kumi hivi. Ya Denmark inampokea kijana wa miaka 16 hivi. Gymnasio ya Ugiriki ni ya miaka 12 hadi 15. Neno ni moja, watoto ni watatu tofauti kabisa. Na collège ya Ufaransa haina uhusiano wowote na chuo: ni miaka minne ya mwanzo ya sekondari, na madarasa yake yanahesabiwa kurudi nyuma. Mtoto anaingia darasa la sita (sixième), anamaliza la tatu (troisième). Ukimsikia mzazi wa Lyon anasema mwanawe "ametoka la sita kaingia la tano", usimpe pole.

Kwa hiyo andika jina la shule kama lilivyo, usilitafsiri. Ndilo utakaloliandika ukienda kutafuta kwenye tovuti ya manispaa, na ndilo atakalolielewa karani.

Hatua ya 3: Tafuta njia panda

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wazazi wengi wageni tunapochelewa. Angalia kwenye mchoro ni umri gani pau moja inagawanyika kuwa pau mbili au tatu.

Ufini, Uswidi na Denmark: pau ni moja ndefu. Mtoto anasoma shule ya pamoja mpaka miaka 16 hivi ndipo anachagua njia. Ufaransa na Italia: anatoka msingi anaingia sekondari, lakini wote bado wanafuata mtaala wa pamoja kwa miaka kadhaa. Ujerumani, Austria na Uholanzi: njia zinagawanyika mapema. Majimbo mengi ya Ujerumani yanagawa baada ya darasa la nne, mtoto ana miaka kumi. Hapa Uholanzi ni mwisho wa groep 8, miaka 12, na kuna njia tatu: vmbo ya miaka minne, havo ya miaka mitano, vwo ya miaka sita. Vwo ndiyo inayokwenda moja kwa moja chuo kikuu cha utafiti.

Si kwamba ukikosea njia ndiyo basi. Madaraja ya kuvukia yapo, na wapo waliotoka vmbo wakapanda mpaka digrii. Lakini inakula miaka. Mzazi aliyefika na mtoto wa miaka tisa anafikiri ana muda, kwa sababu kwetu la saba bado liko mbali. Kwa Bavaria, jimbo la Ujerumani lenye mji wa München, hana muda.

Hatua ya 4: Usisome sura zote 14

Soma ya 2, uone nani ana mamlaka: wizara, jimbo, manispaa au shule yenyewe. Kisha sura ya mtoto wako: ya 4 ni awali, ya 5 msingi, ya 6 sekondari, ya 7 elimu ya juu. Kama mtoto ana mahitaji maalumu, ingia ya 12. Malizia na ya 14, mageuzi yanayoendelea. Hiyo ya mwisho watu wanairuka, halafu wanashangaa wakiambiwa sheria imebadilika. Ufaransa ilishusha umri wa lazima hadi miaka mitatu mwaka 2019. Ufini ilipandisha mwisho wa lazima hadi miaka 18 mwaka 2021. Poland ilianza kufuta shule zake za kati mwaka 2017 na kurudi kwenye msingi wa miaka minane. Ushauri wa shemeji aliyehamia huko 2010 ni wa 2010.

Hatua ya 5: Alama

Mto Oder unatenganisha Frankfurt (Oder) ya Ujerumani na Słubice ya Poland. Unavuka daraja kwa miguu. Upande wa Ujerumani 1 ni alama bora na 6 ni mbaya kabisa. Vuka daraja: 6 ndiyo bora, 1 umefeli. Kwa sisi tuliokua na divisheni wani, Mjerumani anaeleweka haraka zaidi.

Ufaransa wanasahihisha kwa 20 na 10 ni kupita. Denmark wana alama saba tu: 12, 10, 7, 4, 02, 00 na -3. Ndiyo, hasi tatu. Kupita ni 02.

Hatua ya 6: Cheti chako hakisomwi hapa

Eurydice inaeleza mifumo, haikadirii vyeti. Kutambuliwa kwa cheti ni kazi ya ofisi za ENIC-NARIC, na kila nchi inayo yake. Msingi wao ni Mkataba wa Lisbon wa 1997. Ujerumani wana pia hifadhidata ya anabin, ambamo unaangalia nchi uliyosomea na chuo chako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Antwerp: Shikamoo mwalimu. Nimeingia, nikakuta Ubelgiji imeandikwa mara tatu. Nisome ipi?

Marahaba dada. Si kosa la tovuti. Tangu 1989 elimu ya Ubelgiji iko chini ya jumuiya tatu za lugha: ya Kiholanzi, ya Kifaransa na ya Kijerumani. Kila moja ina waziri wake wa elimu. Antwerp ni Flanders, soma ya Kiholanzi. Ungekuwa Brussels ungechagua kwa lugha ya shule, maana pale shule za Kifaransa na za Kiholanzi zinaweza kuwa mtaa mmoja. Na angalia likizo: upande wa Kifaransa walibadilisha kalenda mwaka 2022, kwa hiyo binamu wa Liège na wa Antwerp siku hizi hawafungi shule pamoja nyakati zote.

Mkenya wa Leipzig: Mimi nina KCSE (cheti cha form four cha Kenya), rafiki yangu Mtanzania ana cheti cha kidato cha nne. Tumeulizwa vitu tofauti kabisa. Ubaguzi?

Hapana, kaka. Hii ni hesabu, na inafaa ielezwe polepole.

Kuna kipimo cha UNESCO kinaitwa ISCED. Kinapanga elimu ya dunia nzima kwa namba: 1 ni msingi, 2 sekondari ya chini, 3 sekondari ya juu, 6 shahada ya kwanza, 7 uzamili, 8 uzamivu. Eurydice wanatumia namba hizohizo kwenye michoro yao.

Sasa, rafiki yako kasoma msingi miaka saba na sekondari minne, jumla 11. Kwa kipimo hicho kidato cha nne cha Tanzania ni mwisho wa ngazi ya 2. Ngazi ya 3 kwake ni kidato cha tano na cha sita. Wewe wa 8-4-4 umesoma msingi miaka minane na sekondari minne, jumla 12. Madarasa yako ya saba na ya nane yanahesabiwa ngazi ya 2, na Form 1 hadi 4 ni ngazi ya 3. Mnaita jina moja, "form four", na kila mmoja anafikiri mwenzake yuko palepale.

Tahadhari: ISCED ni ya takwimu na ya kulinganisha. Haikupi haki ya kudahiliwa popote. Nani anaingia chuo kikuu cha Ujerumani, na kwa masharti gani, mwulize anabin na chuo chenyewe.

Kijana wa Mbeya: Nina digrii ya miaka mitatu, nataka kusoma uzamili. Ni kweli Ulaya ni bure?

"Ulaya" tena! Kuhusu miaka mitatu usiogope. Mchakato wa Bologna, makubaliano ya nchi za Ulaya ya kulinganisha digrii zao yaliyoanza 1999, uliweka shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu, na shahada za kwanza za miaka mitatu ziko tele. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60 za ECTS (kipimo cha Ulaya cha kazi ya masomo), kwa hiyo miaka mitatu ni 180. Chuo kitaangalia zaidi ulisoma nini.

Ada: Ufini ilianza kuwatoza wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2017, Norway 2023. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi, lakini jimbo la Baden-Württemberg liliweka euro 1,500 kwa muhula kwa wageni kama sisi mwaka 2017. Eurydice wana ripoti ya ada na misaada ya wanafunzi kwa kila nchi, anzia hapo. Atakayekuuzia "nafasi ya Ulaya" bila kutaja nchi, mkimbie.

Dada wa Malmö: Mwanangu anapoteza Kiswahili. Kuna lolote kwenye mfumo?

Upo mahali pazuri kuliko wengi wetu. Uswidi wana modersmålsundervisning, masomo ya lugha ya nyumbani. Kama Kiswahili kinatumika nyumbani kila siku na mtoto anakijua kiasi, unaomba. Kwa kawaida manispaa inatakiwa kuandaa iwapo wanaoomba lugha hiyo wamefika watano na mwalimu anayefaa amepatikana. Watano ni wachache, dada. Tafuta Wakongo, Warundi na Wakenya wa hapo mjini, ombeni pamoja muhula mmoja.

Baba wa Berlin: Tunahamia München mwezi wa nane. Binti yuko darasa la tano, shule ya msingi. Kuna shida?

Ipo, na afadhali umeuliza mapema. Berlin na Brandenburg msingi ni miaka sita, Bavaria ni minne. Wenzake wa München wameshagawanywa, na binti yako atatua katikati ya njia zao. Huko mtoto wa la nne anapewa cheti mwezi Mei, na wastani wa Kijerumani, hesabu na maarifa ya jamii na mazingira ukiwa hadi 2.33 anaingia Gymnasium (njia ya chuo kikuu), hadi 2.66 Realschule (sekondari ya kati). Binti yako hana cheti hicho. Piga simu shule mnayoitaka sasa hivi, wakueleze wanampokeaje mtoto anayetoka Berlin. Usisubiri mizigo ifike.

Mdau wa Muscat: Mimi sina mtoto Ulaya, nimesoma tu. Bibi wa Tanga ulimwambia ukweli?

Sikumwambia. Mwaka huu mtoto kaingia groep 5, ambayo sasa kweli ni darasa la tatu, nikampigia kwa furaha kumjulisha. Kanyamaza kidogo, halafu kaniuliza kwa upole ni kwa nini mjukuu wake kakaririshwa miaka miwili.