Kibali cha ukaazi kwa mstaafu anayerudi Tanga au Bagamoyo na pasipoti ya nje

Mtu aliyezaliwa Ngamiani au Dunda, akaenda Uingereza ujanani na kuchukua uraia wa huko akiwa mtu mzima, kisheria si Mtanzania tena. Uraia pacha kwa mtu mzima hauruhusiwi hapa. Hata kama nyumba ya marehemu baba bado ipo na majirani wanakuita kwa jina la utotoni, mezani pa Uhamiaji wewe ni mgeni, na utakaa kwa kibali. Mengi yanayoharibika huanzia hapo: mtu amerudi kwao, hahesabu siku.

Anza na muhuri. Viza ya kawaida inakupa hadi siku 90 za kukaa, na zinazohesabika ni siku zilizoandikwa kwenye muhuri uliogongwa ulipoingia, si tarehe za kwenye karatasi ya viza. Wenye pasipoti ya Marekani ndio hukosea zaidi. Wao hupewa viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi, kwa dola 100, wakaona neno "mwaka" wakatulia. Mwaka huo ni wa kuingia na kutoka; kila safari moja haizidi miezi mitatu. Usome muhuri ukiwa bado dirishani, na kama siku ni pungufu ya ulizotarajia uulize papo hapo.

Tanga kuna mazoea ya kuvuka mpaka wa Horohoro, kunywa chai Lunga Lunga upande wa Kenya na kurudi na muhuri mpya. Mara moja kwa dharura sawa, lakini usiugeuze kuwa utaratibu wa maisha. Afisa anaona safari zako zote kwenye kompyuta, na akiridhika kwamba mtalii huyu amehamia, ana uwezo wa kukupa siku chache au kukurudisha.

Mstaafu huomba kibali cha ukaazi Daraja C. Daraja A ni la mwekezaji na mfanyabiashara, B la mwajiriwa, na C linawakusanya wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea na wastaafu. Ila kabla ya kulipia, mwenye asili ya Tanzania aulize kwanza kuhusu hadhi maalumu: mwaka 2025 Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi zilirekebishwa kwa ajili ya watu wa namna hii. Tafuta cheti chako cha kuzaliwa au cha mzazi mapema, maana asili huthibitishwa kwa karatasi, si kwa lafudhi.

Maombi hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji, immigration.go.tz. Njia iliyonyooka ni kuomba kabla ya kusafiri. Andaa barua ya maombi inayoeleza kwamba umestaafu na utaishi wapi, nakala ya pasipoti yenye uhai wa kutosha (zaidi ya miezi sita ni kiwango cha chini, kwa kibali cha miaka, pasipoti inayokaribia kuisha ni kujitafutia kazi mara mbili), picha za pasipoti, wasifu mfupi, na uthibitisho wa kipato. Karatasi isiyo ya Kiswahili wala Kiingereza itafsiriwe na tafsiri ithibitishwe.

Kipato ndicho kinachoangaliwa sana. Taarifa ya benki yenye fedha nyingi zilizoingia wiki iliyopita haimshawishi mtu. Kinachosaidia ni barua ya mlipaji wa pensheni yenye kiasi cha kila mwezi, pamoja na taarifa za benki za miezi kadhaa zinazoonyesha kiasi hicho hicho kikiingia. Jina lifanane kila mahali. Mama aliyeolewa akabadilisha jina aambatishe cheti cha ndoa. Bila hicho, Mwanahamisi wa cheti cha kuzaliwa na Mrs. fulani wa pensheni wataonekana watu wawili.

Kuhusu makazi, peleka mkataba wa pango na barua ya serikali ya mtaa. Ukikaa kwa ndugu, yeye aandike barua ya kukupokea na kuweka nakala ya kitambulisho chake cha NIDA. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku za mwanzo kabisa, hata kabla hujahitaji barua. Anayefahamika huandikiwa kwa urahisi.

Aliyeko Tanga mjini ana ofisi ya mkoa hapo hapo. Wa Bagamoyo akumbuke kwamba wilaya yake iko Mkoa wa Pwani, na ofisi ya mkoa iko Kibaha, si Dar es Salaam. Aanzie ofisi ya wilaya, aulize kipi kitamalizwa pale na kipi kitampeleka Kibaha, asije akapoteza siku nzima kwenye daladala.

Malipo yote hupitia namba ya malipo ya serikali inayotolewa na mfumo, benki au kwa simu. Hakuna ada ya kumkabidhi mtu mkononi, awe amevaa sare au anajiita wakala. Hifadhi risiti, kibali kikichelewa, ndiyo itakayoonyesha kwamba uliomba kwa wakati.

Kuongeza muda si jambo la wiki ya mwisho. Miezi mitatu kabla kibali hakijaisha, anza kukusanya barua mpya ya pensheni, taarifa mpya za benki na barua mpya ya mtaa, kwa sababu za zamani hazitoshi. Kuomba kibali kikiwa hai ni maombi. Kikishakufa ni kosa, na maelezo ya kuumwa au kusahau hutolewa ukiwa umeshika faini. Mke au mume aliyeingia kama mtegemezi ana hati yake na tarehe yake. Ziandike zote mbili.

Kibali cha mstaafu hakiruhusu kazi. Kufungua nyumba ya wageni Raskazone, kuuza samaki kwa jumla, au kufundisha Kiingereza "kwa kusaidia tu" shuleni kwa shemeji, hayo yanataka kibali kingine, na mwenye ajira anahitaji pia kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Ardhi nayo: Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia, asiye na ile hadhi maalumu, kumiliki isipokuwa kwa uwekezaji. Kununua kiwanja kwa jina la mpwa ni kumpa mpwa kiwanja, nukta.

Ukipata pasipoti mpya, omba kibali kihamishiwe humo, na mpaka hapo safiri na zote mbili.

Mwisho, pensheni yenyewe. Ile ya serikali ya Uingereza haipandi kila mwaka kwa anayeishi Tanzania. Hubaki pale ilipokuwa, basi bajeti ya miaka kumi ihesabiwe hivyo. Pia hutumwa fomu ya kuthibitisha kwamba bado uko hai. Isaini mbele ya shahidi asiye ndugu yako, kama daktari au wakili, uirudishe mara moja. Posta ya mtu anayetumia sanduku la jirani huchelewa, na fomu isiyorudi husimamisha pensheni, yaani ule uthibitisho wa kipato utakaohitajika kwenye kuongeza muda.