Kabla Hujaisoma Tetesi ya NBA Hewani

Jumapili ya Februari 2, 2025, saa mbili na dakika chache asubuhi, nilikuwa njiani kwenda studio hapa Mwanza simu ilipoanza kulia mfululizo. Katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, Luka Dončić wa Dallas kaenda Lakers ya Los Angeles, na Anthony Davis wa Lakers kaenda Dallas. Aliyeandika ni Shams Charania, mwandishi wa kituo cha michezo cha ESPN, na hata huko Marekani wengi walidhani akaunti yake imedukuliwa. Nani angeamini? Dončić, kijana wa miaka 25, aliyeifikisha Dallas fainali Juni iliyotangulia! Kipindi changu huanza saa tatu. Nilichofanya ndani ya dakika zile ndicho ninachowafundisha vijana wanaokuja kujifunza utangazaji kwetu.

Kwanza soma jina la akaunti herufi kwa herufi. Iko akaunti ya mzaha iitwayo NBACentel, inayoigiza jina la NBACentral, ukurasa wa habari za NBA, na imeshawanasa hata wachezaji wenyewe. Picha ya skrini iliyotumwa WhatsApp usiipokee kama habari. Fungua ukurasa wa mwandishi mwenyewe, uone kwa macho yako.

Kisha tafuta chanzo cha pili, na hapa ndipo vijana wengi huteleza. Kurasa kumi zinazomnukuu Charania bado ni chanzo kimoja. Cha pili ni mwandishi aliyepiga simu zake mwenyewe, mara nyingi yule anayeifuata klabu mazoezini na safarini msimu mzima. Kwa Dallas nenda Dallas Morning News, kwa Lakers nenda Los Angeles Times.

Ukisubiri, piga hesabu. Wasikilizaji wetu wamelelewa na usajili wa Simba na Yanga, kwa hiyo swali lao la kwanza ni "kauzwa bei gani?" Waeleze kwamba NBA haiuzi mchezaji kwa ada ya uhamisho. Klabu hubadilishana wachezaji na haki za kuchagua chipukizi miaka ijayo, na kwa timu zenye mishahara mikubwa, mishahara inayotoka na inayoingia haiwezi kupishana sana. Asubuhi ile niliangalia: Dončić na Davis walikuwa wakilipwa takriban dola milioni 43 kila mmoja kwa msimu. Hesabu ilikaa. Tetesi inayosema nyota wa mshahara huo anakwenda kubadilishwa na vijana wawili wa mshahara mdogo, bila mtu mwingine kutajwa, iweke pembeni kwanza.

Mfano ninaoutumia studio ni wa nyumbani. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili kati ya chipukizi wote na klabu ya Memphis mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuja kuwa nyota. Februari 2011 akapelekwa Houston, na mchezaji wa Houston, Shane Battier, akarudi Memphis. Mwaka uliofuata akaenda Portland. Hakuna aliyemnunua. Mchezaji anaweza kuamka asubuhi akakuta mji wake wa kazi umebadilika, na ni wachache mno wenye kipengele cha kukataa kwenye mkataba. Nikisema hivyo kwa jina la Thabeet, simu za wasikilizaji huonyesha wameelewa.

Saa nazo uzigeuze mwenyewe. New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi kwao, saa saba wakati wa kiangazi. Fainali ya Juni inayoanza saa mbili na nusu usiku kwao ni saa tisa na nusu usiku kwetu, na tarehe yetu imeshasogea. Ukisema "jana" kwa kufuata tovuti ya Marekani, utampotosha mtu aliyekesha akiangalia.

Sasa kitenzi, ambacho mimi nakipa uzito kuliko yote. Kile "-me-" ni kiapo. "Amehamia" maana yake limekwisha. Julai 2015 DeAndre Jordan, mchezaji wa klabu ya Clippers, alikubaliana kwa mdomo kwenda Dallas, na waandishi waliripoti kweli tupu. Lakini sheria hairuhusu kusaini siku za mwanzo za Julai, na kabla siku ya kusaini haijafika akageuka, akabaki Clippers. Mtangazaji aliyesema "wamekubaliana" alibaki salama. Aliyesema "amejiunga" alilazimika kuomba radhi. Kwa hiyo tetesi ni "anahusishwa na", mazungumzo ni "wanazungumza", makubaliano ni "wamekubaliana", na "amehamia" inangoja tangazo la klabu.

Saa tatu kamili Jumapili ile nilisoma hivi: "ESPN inaripoti kuwa Dallas na Lakers wamekubaliana kubadilishana Luka Dončić na Anthony Davis. Klabu bado hazijatangaza." Nikarudia mara mbili, polepole. Zilipotangaza, tukabadilisha kitenzi.