Kumwandaa kijana kwa picha za mahafali

Mahafali ya kidato cha nne yakikaribia, kabla ya mtihani wa Novemba, simu yangu mimi mpiga picha haipoi. Mzazi, ombi langu la kwanza: usimpeleke kijana kunyoa asubuhi ya picha. Mashine huacha vipele shingoni, na kamera haina huruma. Anyoe siku mbili tatu kabla. Binti naye, kama shule inaruhusu kusuka, asuke mapema. Nywele zikikazwa mno hata tabasamu linakaza.

Shati jeupe lipigwe pasi, lije kwenye henga. Likikunjwa begini ndani ya daladala ndiyo basi tena.

Mafuta usoni kidogo tu, maana joho na joto la Dar havipatani. Mwekee leso ya pamba. Ajifute kwa kugusagusa, asisugue.

Mkitaka Coco Beach, njooni saa kumi na moja jioni. Jua liko upande wa bara, linampiga usoni kwa upole, bahari nyuma yake. Saa sita liko utosini, macho yanageuka mashimo meusi.

Na mashangazi, tafadhali, msisimame nyuma yangu mkipiga kelele "cheka!" Mleteni na rafiki yake mmoja wapige soga, mimi nitajua wakati wa kubonyeza.