Usimwekee mto chini ya goti

Mtoto mwenye baridi yabisi hupenda kulala amekunja goti, maana hivyo haliumi sana. Ukimwekea mto chini yake atapata nafuu usiku huo, lakini misuli ya nyuma ya paja itafupika na goti litagoma kunyooka. Mlaze kifudifudi dakika 20 hivi kila siku, nyayo zikining'inia nje ya godoro. Asubuhi, kabla hajasimama, mkande goti kwa taulo la maji ya uvuguvugu dakika 10, kisha alikunje na kulinyoosha mwenyewe taratibu. Usimvute mguu, tafadhali! Kila wiki mlaze chali: kiganja chako kikipenya kwa urahisi zaidi chini ya goti bovu kuliko chini ya lile zima, mwone mtaalamu wa fiziotherapia kabla hajaanza kuchechemea.